Shani, paka wa Mwalimu, na sindano ya kuongeza damu

Fizi za Shani zilikuwa nyeupe kama chaki. Mwenye paka ndiye aliyelisema hilo kabla yangu, na chaki anaijua: amefundisha shule ya msingi hapa Tanga zaidi ya miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu majirani zake wa Ngamiani hawamwiti jina lingine ila Mwalimu. Alimweka paka mezani, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Daktari, huyu hana damu. Nimempa maini wiki nzima, nimemchemshia dagaa, ananusa tu anaondoka. Mwongezee damu, mwanangu."

Kisa hiki nawaandikia madaktari wa mifugo wenzangu, hasa wa mikoani, na wenye paka na mbwa ambao wamesikia kuwa siku hizi ipo dawa ya kuuamsha mwili utengeneze damu yake wenyewe. Ipo kweli. Niliitumia kwa Shani, ikafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, halafu ikageuka. Nimelipitia daftari lake mara nyingi tangu siku hizo na naijua wiki niliyokosea.

Shani alikuwa jike wa miaka 13. Mwaka uliotangulia, alipoletwa kuchanjwa kichaa cha mbwa, alikuwa na kilo 4.2. Siku hii alikuwa na 3.1. Alikuwa anakunywa maji mpaka anasimama juu ya ndoo ya bafuni, anakojoa sana, anatapika povu asubuhi. Moyo ulikuwa unapiga mara 220 kwa dakika, ukitoa mvumo ambao zamani haukuwepo, kama ilivyo kawaida damu inapokuwa nyepesi. Hematokriti ilikuwa asilimia 15. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu mia za damu yake, kumi na tano tu ndizo zilikuwa chembe nyekundu. Paka mzima huwa juu ya 30. Kreatinini, taka inayobaki kwenye damu figo zikishindwa kuichuja, ilikuwa mikromoli 372 kwa lita, na mkojo wake ulikuwa mwepesi, 1.014. Kwa vipimo hivyo paka yuko hatua ya tatu ya ugonjwa sugu wa figo, ambayo huanzia 251 hadi 440. Presha ilisoma 155, kwa mkanda mdogo wa watoto wachanga.

Watu wanajua figo huchuja damu. Wachache wanajua kwamba figo ndizo pia zinazoagiza damu itengenezwe. Katika gamba la figo zipo chembe zinazohisi kiasi cha oksijeni kinachofika hapo. Oksijeni ikipungua, hutoa homoni iitwayo eritropoietini, nayo husafiri mpaka kwenye uboho wa mifupa. Huko kuna chembe changa ambazo, zisipoipata homoni hiyo, hufa kabla hazijakomaa. Zikiipata zinaishi, zinagawanyika, zinajaa wekundu na kuingia mtaani. Figo ikichakaa, agizo halitoki. Uboho uko salama, chuma kipo, maini yapo kwenye sahani, lakini kiwanda kimekaa kinangoja oda. Ndiyo maana maini ya Mwalimu hayakusaidia, ingawa nia yake ilikuwa njema na paka alihitaji kula.

Kwa hiyo dawa ninayoizungumzia haiongezi damu kwa maana ya kuimimina mwilini. Inapeleka lile agizo ambalo figo imeshindwa kulipeleka. Sentensi hii ndiyo niliyomweleza Mwalimu siku ya kwanza, na ndiyo ninayowasisitizia wenzangu, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinategemea jibu la swali moja: je, kinachokosekana kwa mnyama huyu ni agizo?

Kwa mbwa wa pwani yetu jibu mara nyingi ni hapana. Mbwa mwenye fizi nyeupe hapa Tanga, kabla hujawaza figo, mkague masikio na katikati ya vidole utafute kupe. Babesia, kijidudu kinacholetwa na kupe, inapasua chembe nyekundu. Mwili wake tayari unatoa eritropoietini kwa wingi na uboho unakimbizana kufidia. Minyoo ya safura inanyonya damu utumboni, na mtoto wa mbwa anaweza kufa nayo. Ehrlichia, bakteria wa kupe pia, ikikaa muda mrefu inauchosha uboho wenyewe, na hapo kumchoma mbwa eritropoietini ni kupiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nimeshaulizwa na mwenzangu mmoja, kwa nia nzuri kabisa, kama anaweza "kumpiga ile sindano ya figo" mbwa aliyejaa kupe. Nilimwambia atibu kupe na maradhi yao, na kama hematokriti iko chini sana atafute mbwa wa kutoa damu. Pale ambapo mbwa ana ugonjwa sugu wa figo kweli, dawa za jamii hii humfaa: katika uchunguzi wa mbwa 33 uliochapishwa mwaka 2017, 28 walifikisha hematokriti ya 30 au waliongeza angalau pointi 10 kwa darbepoetini, ndugu wa eritropoietini, na kati ya madhara yaliyoonekana ni presha kupanda.

Turudi kwa Shani. Hata kwa paka mwenye figo mbovu, damu inaweza kupungua kwa sababu nyingine pia, na ni aibu kumchoma homoni mnyama anayevuja damu tumboni. Nilipaka damu kwenye kioo, sikuona vijidudu juu ya chembe. Ukubwa wa chembe ulikuwa wa kawaida na chembe changa zilikuwa chache mno, picha ya kiwanda kilicholala. Vipimo vya haraka vya virusi vya leukemia na vya upungufu wa kinga vya paka vilikuwa hasi. Choo hakikuwa cheusi. Mikoplazma ya damu, kijidudu kinachoshambulia chembe nyekundu, haionekani kila mara kwenye kioo na kipimo cha vinasaba sikuwa nacho, nikampa doksisaiklini kwa wiki tatu. Hapa nimwombe kila anayempa paka kidonge hicho: mfuatishie maji kidogo kwa bomba kila mara, kwa sababu kikikwama kooni kinaunguza umio, na umio ukifanya kovu paka hali tena.

Nilimpa pia dripu, dawa ya kichefuchefu, na kifunga fosfeti kwenye chakula. Baada ya siku kumi kreatinini ilishuka hadi 340, kutapika kukapungua, akala kidogo. Hematokriti ikawa 14.

Basi nikamketisha Mwalimu nyuma ya kliniki, penye kivuli cha mwembe. Sikutaka mazungumzo haya yafanyike juu ya meza ya matibabu huku paka akilia kwenye kikapu.

"Mwalimu, ipo sindano. Ni ya binadamu, wanachomwa wagonjwa wa figo."

"Naijua. Shemeji yangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, naye anachomwa hiyo hiyo. Imemsimamisha."

"Kwa binadamu ni homoni yake mwenyewe, kwa paka ni ya mgeni. Homoni ya binadamu inafanana na ya paka kwa asilimia 80 na kitu, ndiyo maana inafanya kazi. Lakini ile tofauti iliyobaki, mwili wa paka unaweza kuigundua. Ukiigundua utaipiga vita, na katika kuipiga vita utaipiga na ile kidogo ambayo figo zake bado zinatoa. Ikifika hapo atakuwa na damu pungufu kuliko leo."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wa udaktari wangepaswa kufundishwa waliulize: "Hilo hutokea kwa wangapi?"

Kwa eritropoietini ya binadamu, nilimwambia, ni takriban mmoja kati ya wanne, na zipo taarifa zinazotaja zaidi. Nikamwambia pia kwamba tukiacha hivi hivi, Shani wa hematokriti 14 hana miezi mingi, na miezi hiyo ataishi akiwa amelala chini ya kitanda.

"Tuanze," akasema. "Ila uniandikie kila kitu. Mimi bila daftari siwezi."

Homoni hii imesumbua watu muda mrefu kabla ya kuwa dawa. Wafaransa Paul Carnot na Clotilde-Camille Deflandre walipendekeza mwaka 1906 kwamba kuna kitu ndani ya damu kinachoamuru damu itengenezwe. Ilichukua hadi 1977 ndipo Eugene Goldwasser wa Chicago, akishirikiana na Takaji Miyake wa Japani, alipoipata ikiwa safi, na walilazimika kuanza na lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa damu. Mwaka 1989 Marekani ikaidhinisha ile inayotengenezwa maabara. Tangu hapo madaktari wa wanyama wamekuwa wakiiazima kutoka kwa binadamu.

Kuna aina mbili ambazo daktari wa paka hukutana nazo zaidi. Ya kwanza ndiyo eritropoietini yenyewe, epoetini. Ya pili ni darbepoetini, iliyoidhinishwa kwa binadamu mwaka 2001, ambayo imeongezewa minyororo ya sukari ili ikae mwilini muda mrefu; paka huchomwa mara moja kwa wiki badala ya mara tatu. Faida yake kubwa zaidi kwa wanyama ni kwamba kingamwili, yaani silaha za mwili za kumpiga mgeni, hujitokeza dhidi yake mara chache. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, paka 25 wenye ugonjwa wa figo walipewa darbepoetini. 14 walifikisha hematokriti ya 25 au zaidi, na 13 kati ya hao walikuwa wakipata angalau mikrogramu moja kwa kila kilo ya uzito kwa wiki. Kuzimika kwa uboho kulishukiwa kwa paka wawili.

Kwa hiyo nilijua ni ipi bora. Nilipiga simu maduka ya dawa Tanga, kisha Dar es Salaam, siku nane mfululizo. Kila niliyempigia alikuwa na epoetini, kwa sababu wanaosafishwa figo wanaihitaji kila wiki. Darbepoetini sikuipata kwa yeyote kati yao. Siku ya nane Shani aliacha kula. Nikaagiza epoetini.

Ilikuja na basi la alfajiri kupitia Chalinze na Segera, ndani ya kiboksi cha barafu, mabomba yamefungwa kwa gazeti yasigusane na barafu yenyewe. Dawa hii ni protini: inataka nyuzi 2 hadi 8, ikiganda imeharibika, ikitikiswa sana imeharibika. Nilimpigia kondakta mara tatu njiani, na namshukuru hakukasirika.

Kipimo kilikuwa uniti 100 kwa kilo, mara tatu kwa wiki, chini ya ngozi. Kwa Shani ni uniti 300. Bomba la binadamu lilikuwa na uniti 2,000 ndani ya nusu mililita, kwa hiyo alihitaji mililita 0.075 tu. Kiasi hicho hakipimiki kwa bomba la kawaida, unatumia la insulini, na ni alama saba na nusu. Tahadhari hapa, nimeona mtu akikaribia kukosea: alama za bomba la insulini ni uniti za insulini, hazihusiani na uniti za eritropoietini. Fanya hesabu kwa mililita kwanza, ndipo uhesabu alama. Mabomba haya hayana kihifadhi, na likishafunguliwa halistahili kuwekwa, hivyo kila dozi ilikula bomba zima. Kwa pensheni ya Mwalimu hilo lilikuwa jambo zito. Kuna wiki alileta pesa zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga, nami nikajua ameacha kitu kingine.

Siku ya kwanza nilimchoma pia chuma, miligramu 50 kwenye msuli. Ni dawa ile ile wafugaji wanayowachoma watoto wa nguruwe, ipo kila duka la pembejeo. Isisahaulike hata siku moja: ukikipa kiwanda oda bila malighafi, kitaimaliza akiba ndani ya wiki chache, kisha utadhani dawa imeshindwa.

Daftari la Mwalimu lilikuwa la mistari, lenye safu alizozichora kwa rula: siku, sindano, amekula nini, ametapika, amecheza. Mimi nikaongeza safu ya hematokriti na ya presha.

Wiki ya kwanza ilikuwa 15. Ya pili 18. Ya tatu 22. Siku ya wiki ya tatu Mwalimu aliandika, kwa herufi kubwa, AMEPANDA UKUTA. Ya nne 26. Ya tano 30, na fizi zilikuwa na rangi ya waridi ambayo sikutegemea kuiona tena kwa paka huyu. Kilo zilipanda hadi 3.5. Wiki ya nne presha ilisoma 178. Hilo linatarajiwa: damu ikizidi uzito, na mishipa ikabana kwa athari ya dawa yenyewe, presha hupanda, na kwa paka mwenye figo presha inaweza kumpofusha usiku mmoja au kumwangusha kifafa. Nilimwanzishia amlodipini miligramu 0.625 kwa siku, ambayo ni moja ya nane ya kidonge cha miligramu 5. Mwalimu alikuwa akivigawa kwa wembe mpya juu ya kioo, na vipande vyake vilikuwa sawa kuliko vyangu. Presha ikashuka hadi 150.

Lengo kwa paka si kumrudisha kwenye damu ya ujana. Ukifika 25 mpaka 35 inatosha, na unaanza kupunguza. Wiki ya tano nikashusha hadi mara mbili kwa wiki, ya saba mara moja. Wiki ya nane hematokriti ilikuwa 31.

Wiki ya tisa sikumpima. Alikuwa anaendelea vizuri, Mwalimu alikuwa na msiba Pangani, sindano alichomwa na mjukuu wake ambaye ni muuguzi. Nilisema tutapima akirudi.

Wiki ya kumi alikuwa na 27.

Nilikaa na namba ile nikatafuta maelezo yasiyonitisha. Nimeshusha dozi, nikajiambia, kwa hiyo damu imeshuka. Chuma cha pili kilipaswa kuchomwa wiki moja nyuma na hakikuchomwa. Maelezo yote mawili yalikuwa ya kweli, na nikayatendea kazi: nikamchoma chuma, nikarudisha dozi mara tatu kwa wiki. Sikupaka damu kwenye kioo. Kioo kilikuwepo, rangi ilikuwepo, ingenichukua nusu saa.

Wiki ya kumi na moja, baada ya sindano tatu za dozi kamili, ilikuwa 24. Hapo ndipo nilipofanya hesabu niliyopaswa kuifanya wiki iliyotangulia. Chembe nyekundu za paka huishi siku 70 hivi, yaani wiki kumi. Kama uboho umesimama kabisa, kila wiki hufa karibu sehemu moja ya kumi ya chembe alizokuwa nazo siku uboho uliposimama. Paka aliyekuwa na 31 atapoteza kama 3 kila wiki. Shani alikuwa amepoteza 4 kwa wiki mbili za kwanza, na sasa 3 kwa wiki moja. Kupunguziwa dozi hakushushi damu hivi. Kupungua kwa chuma pia hakushushi hivi, kwa sababu hapo kiwanda kinapunguza mwendo, hakifungi mlango. Ni mambo mawili tu yanayoshusha kwa kasi hiyo: damu inatoka au inapasuliwa mahali, au haitengenezwi hata chembe moja.

Choo kilikuwa safi, tumbo laini, mkojo hauna damu. Nikapaka damu, nikaitia rangi, nikahesabu chembe changa. Paka ana chembe changa za aina mbili. Zipo zenye mabonge ndani, ambazo zimetoka ubohoni karibuni sana, na zipo zenye nukta tu, ambazo hubaki kwenye damu muda mrefu zaidi. Zenye mabonge ndizo zinazokuambia kiwanda kinafanya nini leo. Katika chembe elfu moja sikuona hata moja. Nikahesabu elfu nyingine, nikapata zenye nukta mbili, za zamani.

Kingamwili. Kipimo chake sikuwa nacho, na uboho sikuuchota kwa kuwa jibu lisingebadilisha ninachopaswa kufanya siku ile, nacho kilikuwa kuacha dawa mara moja. Kila sindano ilikuwa inazidi kuufundisha mwili kumkamata mgeni. Zile sindano tatu nilizomrudishia wiki ya kumi zilikuwa mafuta juu ya moto.

Jambo hili halijawapata wanyama peke yao. Mwaka 2002 madaktari wa Ufaransa waliripoti wagonjwa 13 waliotumia eritropoietini ya maabara na uboho wao ukaacha kutengeneza chembe nyekundu, na kingamwili zao zilikamata hata homoni yao ya asili. Kwa binadamu ni nadra mno. Kwa paka na mbwa tunaingia tukijua, na kwa hiyo hatuna kisingizio cha kutoangalia.

Nilimpigia Mwalimu, nikaenda kwake jioni. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Umekuja mwenyewe, basi ni baya." Nikamweleza. Nikamwambia na la wiki ya kumi, kwamba nilipandisha dozi badala ya kuangalia. Hakusema neno kwa muda. Akafungua daftari kwenye wiki ya tisa, akanionyesha mwandiko wa mjukuu wake: *Amelala sana. Hakupanda ukuta.* Lilikuwa limeandikwa siku nne kabla ya kipimo cha 27. Wiki ya kumi nilikuwa nimelishika daftari hilo mkononi, nikasoma safu yangu tu.

Ukiacha dawa, kingamwili hupungua taratibu, na wapo wanyama ambao uboho wao huamka tena, lakini ni suala la miezi. Shani alihitaji kuvushwa miezi hiyo. Kulikuwa na njia ya dawa za kushusha kinga, ambazo binadamu hupewa. Kwa paka wa figo aliyekonda nilizipima nikaona hatari yake ni kubwa kuliko matumaini. Kuna mwenzangu aliniuliza baadaye kuhusu molidustati, dawa ya maji ya kunywesha paka ambayo Marekani iliipa idhini ya masharti mwezi Mei 2023. Hiyo haileti homoni ya mgeni; inaudanganya mwili udhani oksijeni imepungua, ili figo na ini zitoe eritropoietini ya paka mwenyewe. Imetokana na elimu ya jinsi chembe zinavyohisi oksijeni, ile ile iliyowapa wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kama ingenifikia mwanzoni, wiki ya kwanza, ningeanza nayo bila kusita. Kumwokoa Shani baada ya kingamwili ni jambo lingine, kwa sababu ingemwongezea homoni ile ile ambayo mwili wake ulikuwa unaikamata.

Ikabaki damu ya paka mwingine. Wiki ya kumi na tano Shani alikuwa na 11, anahema akitembea kwenda kwenye sahani. Jirani wa Mwalimu, muuza samaki, alikuwa na dume la kilo tano na nusu, la miaka minne, limeshiba vichwa vya samaki maisha yake yote. Paka hawana kundi la damu linalofaa wote kama watu wanavyodhani. Paka wa kundi B akipewa damu ya A anaweza kufa kwa mililita chache, hata ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza. Kadi za kupima kundi sikuwa nazo. Nililinganisha damu kwenye kioo, maji ya damu ya Shani na chembe za dume, kisha kinyume chake, nikasubiri, hazikugandana. Tukamlaza dume kidogo kwa dawa, tukachota mililita 45, zikaingia kwa Shani kwa saa nne, nusu saa ya kwanza tone kwa tone huku nimeshika kipimajoto. Hematokriti ikapanda hadi 18. Usiku ule alikula samaki.

Wiki ya kumi na saba ilikuwa 13. Chembe changa zenye mabonge: hakuna. Kreatinini 460.

Mwalimu aliniuliza kama dume linaweza kutoa tena. Nikamwambia si mwezi huu, na kwamba paka mwingine tunaweza kumtafuta, na kwamba figo zenyewe sasa zimeingia hatua ya nne. Akamtazama Shani aliyekuwa juu ya khanga kwenye baraza. "Ukuta haupandi tena," akasema. "Usimtafute mwingine." Siku mbili baadaye nilimchoma sindano ya mwisho pale pale barazani, Mwalimu akiwa amemshika kichwa.

Wenzangu wameniuliza kama, nikirudishwa nyuma, ningemwanzishia. Ningemwanzishia. Katika wiki kumi na saba, wiki kama sita zilikuwa za paka anayekula na kupanda ukuta, na bila sindano asingezipata. Ambacho nisingekubali ni kuanza mapema, kwa paka wa 24 ambaye bado anaruka dirishani. Huyo unambebesha hatari ya robo nzima kwa faida ambayo haihitaji bado. Nasubiri ashuke chini ya 20 na dalili zionekane. Na wiki ya tisa ningempima, hata ningemfuata Pangani.

Sasa hivi ninaye paka mwingine, wa Raskazone, mwenye ugonjwa ule ule. Alikuja na 18. Bado alikuwa anakula, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuingoja darbepoetini, nikaingoja wiki tatu mpaka ikafika. Anachomwa mara moja kwa wiki, na kila wiki, hata kama anaruka juu ya friji, napaka damu yake kwenye kioo kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba. Jana ilikuwa wiki ya sita. Hematokriti 26, presha 152, chembe changa zenye mabonge 21 katika elfu.